Mwezi usitangulie joto la udongo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na wasomaji wanaolima bustani katika nchi za baridi, hasa ndugu zetu walioko Ujerumani, Uingereza, Kanada na majimbo ya kaskazini ya Marekani. Kila mwaka Februari ikielekea ukingoni, simu hujaa kalenda za kupanda kwa kufuata mwezi. Picha moja ya kalenda huzunguka vikundi vya familia, vya misikiti na vya makanisa. Haisemi imetungwa wapi wala inafuata mtindo gani, na watu huiamini kwa kuwa imeletwa na mtu wanayemheshimu. Matokeo yake huonekana Mei: karoti zimeota moja huku moja kule, mbegu za maharage zimeozea ardhini, miche ya nyanya imeungua kwa jalidi ya usiku mmoja.

Sisemi mtu asiutazame mwezi. Unafaa sana kupangia kazi za bustani, na namna ya kuutumia nitaieleza. Neno langu ni moja tu: mwanzoni mwa majira ya kuchipua, mwezi uchague siku miongoni mwa zile ambazo udongo umekwisha kuziruhusu. Mwenye kuutanguliza mwezi atapoteza mbegu, tena katika nchi ambayo msimu wake ni mfupi na hauna vuli ya kujaribia tena.

Kwanza tuzielewe kalenda zenyewe, maana ziko za namna mbili na watu huzichanganya.

Ya kale hufuata kukua na kupungua kwa mwezi. Pliny wa Roma, aliyefariki mwaka 79, tayari alikuwa akifundisha kwamba vinavyokatwa na kuvunwa vikatwe mwezi ukipungua. Almanaka za wakulima za Marekani, ambayo kongwe kati ya zinazotoka hadi leo ilianza mwaka 1792, bado huchapisha kanuni hizo. Mzunguko wa siku 29 na nusu hugawanywa robo nne, kila robo siku saba na kitu. Tangu mwezi kuandama hadi robo ya kwanza hupandwa mboga za majani: spinachi, letusi, kabichi, sukuma. Kutoka hapo hadi mwezi mpevu hupandwa vile ambavyo mbegu yake imo ndani ya tunda au ganda, yaani nyanya, njegere, maharage, maboga. Mwezi ukianza kupungua ni zamu ya vya ardhini: viazi, karoti, vitunguu, figili. Robo ya mwisho watu hawapandi. Wanapalilia, wanapogoa na kugeuza mboji.

Ya pili ni changa. Mizizi yake ni mihadhara ya mwanafalsafa Rudolf Steiner wa Austria huko Koberwitz (leo ni Poland), Juni 1924, kisha kazi ya Mjerumani Maria Thun, ambaye kuanzia miaka ya 1950 alipanda figili siku baada ya siku na kudai kwamba umbo lake hubadilika kulingana na kundi la nyota ambamo mwezi umo. Ndipo zikatoka siku za mizizi (mwezi ukiwa katika Ng'ombe, Mashuke au Mbuzi), siku za majani (Samaki, Kaa, Nge), siku za maua (Mapacha, Mizani, Ndoo) na siku za matunda (Kondoo, Simba, Mshale). Mwezi hulizunguka anga la nyota kwa siku 27 na theluthi moja hivi, si 29 na nusu, kwa hiyo kalenda hii haiendi sambamba na ile ya kwanza hata kidogo. Mwezi unaweza kuwa unakua huku umo katika siku za mizizi, na almanaka moja ikakuambia panda spinachi siku ileile ambayo nyingine inasema panda karoti.

Kuna jambo jingine linalowachanganya wengi. Kalenda za mtindo wa Thun husema pia juu ya mwezi unaopaa na mwezi unaoshuka. Hilo halihusiani na kukua wala kupungua. Kwa wiki mbili hivi njia ya mwezi angani huwa juu zaidi kila siku, halafu kwa wiki mbili huteremka. Mwezi mpevu unaweza kuwa unapaa au unashuka, kutegemea majira. Tafsiri nyingi zinazosambazwa zimeyafanya mambo haya mawili kuwa kitu kimoja. Na kwa msomaji wa kusini ya Ikweta ubaya ni mkubwa zaidi: kukua na kupungua ni kulekule duniani kote, lakini kupaa na kushuka hugeuka. Mkulima wa Mbeya anayefuata kalenda ya Ujerumani kwa mwezi unaopaa anafanya kinyume kabisa cha mafundisho ya wenye kalenda hiyo. Tena ziko kalenda zinazofuata buruji za wanajimu, yaani vile vipande kumi na viwili sawa walivyoligawa anga, badala ya nyota zenyewe, na hizo mbili zimekwisha kuachana kwa takriban siku mbili za mwendo wa mwezi. Picha ya kalenda isiyosema ni ipi kati ya hizi haifai kufuatwa na mtu yeyote.

Anayejaribu kuzitii zote kwa pamoja hujifunga mikono. Siku za majani ni kama robo ya mwezi mzima, na nusu yake tu ndiyo huangukia mwezi unapokua. Zinabaki siku tatu au nne. Mvua ya Machi ikizichukua hizo, unasubiri mwezi mwingine.

Sasa tuje kwenye udongo, kwa sababu hapa tarakimu hazina ubishi. Mbegu ya karoti kwenye udongo wa nyuzijoto 5 za Selsiasi huchukua kama siku 50 kuchomoza. Kwenye nyuzijoto 10 huchukua 17, na kwenye 15 huchukua 10. Kitunguu ni kama siku 31, kisha 13, kisha 7. Njegere 36, 14, 9. Spinachi 23, 12, 7. Letusi ndiyo hodari wa baridi: 15, 7, 4. Maharage kwenye nyuzijoto 10 hayaoti kabisa, na hata kwenye 15 yanahitaji zaidi ya wiki mbili. Nyanya kwenye nyuzijoto 10 huvuta wiki sita. Kwenye 20 ni siku nane.

Tazama karoti peke yake. Tofauti ya nyuzi tano tu, kutoka 5 hadi 10, ni zaidi ya mwezi mzima wa kusubiri. Aliyepanda Machi kwa kuwa mwezi ulikuwa sawa, na jirani yake aliyengoja wiki tatu udongo upate joto, wataona karoti zao zikichomoza karibu siku moja, na za jirani zitakuwa nyingi zaidi. Mbegu inayolala ardhini siku 50 huliwa na funza, hushambuliwa na kuvu, na mvua huugandisha udongo wa juu hadi chipukizi kishindwe kuupasua.

Maharage yana shida yao ya pekee, nayo inafaa kueleweka. Mbegu kavu ya haragwe hunyonya maji kwa pupa katika saa za mwanzo tu baada ya kufukiwa. Maji hayo yakiwa baridi, ngozi laini za chembe ndani ya mbegu hazikunjuki vizuri, hupasuka, na sukari huvuja nje. Sukari hiyo huwaita kuvu wa udongo. Ukifukua baada ya wiki moja utakuta mbegu imevimba, ganda limelegea, ndani ni uji wenye harufu. Wengi husema mbegu zilikuwa mbovu au mwezi ulikuwa umepita. Mbegu zilikuwa nzima; zimeuawa na baridi ya siku ya kwanza, na hata udongo ukipata joto siku ya tatu haziponi.

Je, mwezi wenyewe haufanyi lolote? Mwaka 2020 watafiti wa Hispania walipitia yanayofundishwa kuhusu mwezi na mimea, wakayalinganisha na maarifa ya fizikia na biolojia, na hawakupata ushahidi wa kutegemewa kwamba awamu za mwezi hubadilisha uotaji au mavuno. Mwanga wa mwezi mpevu haufiki hata luksi 1, wakati jua la mchana hufikia luksi 100,000. Hoja ya maji watu wa pwani wanaweza kuipima wenyewe. Inasemwa kwamba mwezi ukikua huvuta maji ya udongo juu kama unavyovuta bahari, na ukipungua maji hurudi chini. Lakini kila mvuvi anajua kwamba bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa sana, huja mara mbili kwa mwezi, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, na maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo, huja kati yake. Kama bustani ingefuata bahari, mwezi mchanga na mwezi mpevu vingefanya kazi moja, na robo mbili za katikati nazo zingefanana. Mgawanyo wa majani na mizizi hautokani na maji kupwa na kujaa. Isitoshe, bahari huinuka kwa kuwa ni kubwa mno. Katika ndoo ya maji au tuta la mita nne hakuna bamvua linaloweza kupimika.

Jambo ambalo ningependa wasomaji walishike kuliko yote ni hili la jalidi, ile barafu nyembamba inayotanda kwenye majani alfajiri. Ulaya yote kuna imani kwamba mwezi mpevu wa Aprili na Mei huleta jalidi. Wafaransa wana jina lake: huuita mwezi mwekundu, nao ni ule mwezi unaoandama baada ya Pasaka, kwa sababu machipukizi hugeuka rangi ya kutu chini ya mwanga wake. Wakulima wa bustani za Paris waliona sawasawa kabisa. Usiku mwezi ukionekana, machipukizi yaliungua hata kama kipimajoto kilionyesha nyuzi kadhaa juu ya sifuri. Usiku mwezi ukifichwa na mawingu, hayakuguswa. Wakasema basi mwanga wa mwezi ndio unaochoma.

Mwanaastronomia Mfaransa François Arago alilieleza jambo hilo katika karne ya 19, akijengea kazi ya daktari William Charles Wells, ambaye mwaka 1814 alikuwa amefafanua namna umande unavyofanyika. Usiku ardhi na majani hutoa joto lake kwenda angani. Mawingu yakiwapo hulirudisha joto hilo chini, kama blanketi. Anga likiwa jeupe, joto linapotea moja kwa moja, na jani jembamba lisilo na akiba ya joto hupoa kuliko hewa inayolizunguka. Kipimajoto cha hali ya hewa huwekwa karibu mita mbili kutoka ardhini. Kikisoma nyuzi 3, jani la mche lililo sentimita kumi juu ya udongo linaweza kuwa chini ya sifuri. Mwezi unaonekana usiku huo kwa sababu ileile inayoleta jalidi: hakuna wingu. Usiku mweupe usio na mwezi kabisa unaunguza vilevile, ila hakuna anayeukumbuka kwa kuwa hakuna cha kutazama juu. Wakulima wa viazi wa Njombe wanalijua jambo hili kwa Juni na Julai yao: mbingu ikiwa na nyota nyingi na upepo umekufa, kuna hatari.

Kwa hiyo ishara ya jioni ni hii. Kuanzia saa kumi jioni tazama mambo matatu: mawingu yanafunguka, upepo unalala, na utabiri unasema nyuzi 4 au chini. Yakikutana yote matatu, funika mimea kabla jua halijazama, wakati udongo bado una joto la mchana; kufunika saa nne usiku ni kufunika baridi ndani. Tumia kile kitambaa chepesi cheupe cha bustani, cha gramu 17 kwa mita ya mraba kwa baridi ndogo, au cha gramu 30 kwa baridi kali. Kitambaa kinene kinaongeza nyuzi mbili tatu, si zaidi. Kiinue kwa matao ya waya au vijiti kisiguse majani, na kingo zake zifukie kwa udongo au mawe hewa isipenye. Nailoni inayolala juu ya jani ni mbaya kuliko kutofunika, kwa sababu jani linagandia kwenye nailoni. Udongo mkavu mwagilia mchana, si jioni. Udongo wenye unyevu huhifadhi joto zaidi na kulitoa polepole usiku. Asubuhi jua likishika, funua, maana ndani ya saa mbili joto la chini ya kitambaa hupanda mno. Na kumbuka hewa baridi huteremka: mche ulio bondeni au mbele ya ukuta unaozuia hewa kushuka utaungua wakati wa mlimani umesalimika.

Wajerumani wana Watakatifu wa Barafu, siku za 11 hadi 15 Mei, na hawatoi nyanya nje kabla hazijapita. Minnesota nako wengi hungoja katikati ya Mei. Hizi ni tarehe za jua, na ndiyo maana zinasaidia. Linganisha na desturi ya kupanda viazi siku ya Ijumaa Kuu, inayoshikwa Ireland na sehemu nyingi za Marekani. Pasaka hufuata mwezi mpevu wa kwanza tangu 21 Machi, hivyo huhama. Mwaka 2008 Ijumaa Kuu ilikuwa 21 Machi. Mwaka 2011 ilikuwa 22 Aprili. Tofauti ni zaidi ya mwezi, lakini udongo wa bustani ileile haukuhama hivyo. Wazee wa pwani yetu walilitambua tatizo hili. Kalenda ya Kiislamu ya mwezi, ambayo hurudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka, waliiacha kwa ibada, na kilimo na safari za majahazi wakavihesabia mwaka wa jua unaoanza Nairuzi, siku 365 zilizogawanywa miongo ya siku kumi kumi. Makunduchi bado huusherehekea mwaka huo kila Julai.

Sasa namna ya kufanya, kwa anayetaka mwezi na udongo vyote viwili.

Nunua kipimajoto cha udongo chenye shina la chuma. Kichomeke sentimita 5 kwa mbegu ndogo na sentimita 10 kwa viazi, saa mbili asubuhi, mahali pamoja pasipopigwa na jua la moja kwa moja. Kiache dakika tano, andika. Fanya hivyo siku tano mfululizo. Kipimo cha saa nane mchana kinadanganya, kwa kuwa tabaka la juu hupashwa na jua kisha likapoa usiku. Chukua pia konzi ya udongo kutoka sentimita kumi chini, ikamue, kisha isukume kwa kidole gumba. Ikimeguka, kazi ianze. Ikibaki donge linalong'aa, acha hata kama mwezi unakuita: udongo wa mfinyanzi ukikanyagwa ukiwa chepechepe hukauka kuwa mabonge magumu, na mabonge hayo utaishi nayo msimu mzima. Tuta lililoinuliwa sentimita 20 hupata joto mapema kuliko ardhi tambarare, na nailoni nyeusi ikitandikwa wiki mbili kabla huongeza nyuzi moja au mbili, mradi ilale imegusana na udongo.

Udongo ukishika nyuzi 5 hadi 7, mlango umefunguka kwa letusi, spinachi, figili, njegere na vitunguu vya kuchomeka. Hapo chagua kwa mwezi upendavyo. Mwezi ukikua, panda spinachi kwa kina cha sentimita 2, letusi nusu sentimita tu maana inapenda mwanga, na njegere sentimita 4 zikiachana sentimita 5. Ukipungua, chomeka vitunguu kila sentimita 10. Udongo ukifika 7 au 8, weka viazi vilivyokwisha kuchipua, kina cha sentimita 10 hadi 15, nafasi ya sentimita 30, na mistari ikiachana sentimita 70. Karoti zingoje 10, zifukiwe sentimita 1, zikiota zipunguzwe zibaki kila sentimita 5. Miche ya sukuma na kabichi iliyozoeshwa nje siku saba hadi kumi huvumilia jalidi ndogo na inaweza kutoka Aprili. Maharage na mahindi ni 15 kwenda juu. Mchicha, ambao ndugu zetu Wakongo huuita lengalenga, unataka 18 au zaidi, na bamia hivyohivyo. Anayevipanda Aprili nje katika nchi hizi anatupa mbegu, awe na mwezi wa namna gani.

Mahali ambapo mwezi unaweza kutawala bila hasara ni ndani ya nyumba. Nyanya hupandwa kwenye trei wiki sita hadi nane kabla ya jalidi ya mwisho. Kwa anayehesabia 15 Mei, hiyo ni kati ya 20 Machi na 3 Aprili. Chumba kina nyuzi 20 kila siku, udongo wa trei una unyevu unaoupanga mwenyewe, na karibu kila mwaka mwezi unaokua utakuwamo ndani ya siku hizo. Chagua siku hiyo kwa moyo mweupe. Trei iwe karibu na dirisha la kusini au chini ya taa, la sivyo miche hurefuka na kulegea.

Faida kubwa ya mwezi naiona kwingine. Mwezi mwandamo na mwezi mpevu vinaachana wiki mbili, na wiki mbili ndiyo nafasi hasa inayotakiwa kati ya upandaji mmoja wa letusi au figili na unaofuata, ili usipate mafungu arobaini wiki moja na kukosa kabisa wiki inayofuata. Panda mstari wa mita moja na nusu kila mwezi ukiandama na kila ukiwa mpevu, tangu udongo ufike 5 hadi joto la Juni. Hakuna kalenda ya simu itakayokukumbusha vizuri kuliko mwezi ulio juu ya paa.

Ikitokea siku ya mwezi imeangukia mvua, panda siku ya kwanza ambayo udongo unakubali. Usisubiri mwezi mwingine. Spinachi ndiyo itakayokuadhibu zaidi: mwanzoni mwa Mei mchana katika nchi hizi unapita saa 14, nayo ikiona mchana mrefu hivyo huacha kutoa majani na kupandisha ua. Iliyopandwa katikati ya Machi hupata muda mwingi zaidi wa kutoa majani kabla ya hapo. Iliyosubiri hadi katikati ya Aprili kwa ajili ya mwezi hutoa majani machache na ua.

Wako watakaosema wamejaribu wenyewe na mwezi ukafanya kazi. Jaribio la nje la Machi na Aprili lina kasoro ambayo si rahisi kuiona. Aliyepanda mwezi ukiandama na akapanda tena ukiwa mpevu ameipa miche ya pili wiki mbili za joto zaidi na mchana unaorefuka dakika tatu au nne kila siku. Ya pili itaishinda ya kwanza, naye atausifu mwezi. Anayetaka kupima kwa haki afanye ndani, kwenye nyuzijoto zisizobadilika, kwa figili. Pakiti moja ya mbegu, udongo wa mfuko mmoja, trei nne, mbegu 50 kila trei, kina cha sentimita 1. Apande trei moja kila robo ya mwezi, ahesabu zilizochomoza siku ya saba, akate na kupima uzito siku ya 28. Anayepima asijue trei ipi ni ya robo ipi. Alama iandikwe chini ya trei na mtu mwingine. Arudie miezi mitatu walau, kwa sababu mara moja inaweza kuwa bahati.

Ombi langu kwako, Ndugu Mhariri, ni dogo. Gazeti lako likichapisha kalenda ya kupanda kwa mwezi, liambatanishe mambo manne pembeni yake: ni ya kukua na kupungua au ya makundi ya nyota, imetungwa kwa kaskazini au kusini ya Ikweta, saa zake ni za nchi gani, maana mwezi unaoandama saa nane usiku Nairobi bado ni jana yake Chicago, na kwa kila zao, kiwango cha chini cha joto la udongo. Safu hiyo ya nne isomwe kwanza.

Wako,
Mkulima wa bustani, msomaji wa gazeti lako